Kikohozi kwenye Ngazi za Kwaya

Ijumaa, 14 Juni

Maua tena. Muuza maua hakuja, petroli hakuna, magari hayatembei. Nimekata bugenvilia kwenye ua wa masista na kuzipanga altareni. Zinapukutika kabla hata hazijasimama vizuri. Kesho Padri Anselme atazikuta zimelala chini na kunitazama kwa ile huruma yake ya seminari.

Joto. Kanisa kuu lilikuwa tupu, kama kawaida baada ya misa ya mchana. Popo waligombana darini. Nilikaa kwenye benchi langu, la mwisho kushoto, chini ya ngazi za kupandia roshani ya kwaya. Nikavua viatu.

Akaja. Hatua kwanza, polepole, ubao baada ya ubao. Kisha kikohozi. Kikavu, kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba.

Deo.

Nilimsalimu kimoyomoyo. Nikamwambia binti yetu Diane ana homa kidogo lakini si malaria. Nikavaa viatu, nikarudi kwenye maua. Sikuona ajabu yoyote. Ijumaa zangu ndivyo zilivyo tangu wakati wa vita, Diane akiwa bado tumboni.

Jumapili, 16 Juni

Shemeji Salvator alikuja baada ya misa. Kaka mkubwa wa Deo. Alitembea kwa miguu kutoka Mutakura, viatu vyake vya Jumapili vimejaa vumbi, nikajua si salamu tu. Nilimpa soda. Aliimaliza, akaitazama chupa, ndipo akasema.

Familia ya Fabrice, mchumba wa Diane, wamesimamisha kila kitu. Hawaleti inkwano, yaani mahari, kwenye nyumba yenye kilio. Sishangai. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifa anazikwa, kilio cha kwanza kinaondolewa, kisha baadaye inafanywa kuganduka, siku ya kumaliza matanga kabisa. Misa, pombe ya ndizi, hotuba. Msemaji wa familia anatangaza kwamba kuanzia leo watu waoe, waolewe, walime, wacheke. Kabla ya hapo nyumba imefungwa. Na Deo hajafanyiwa, kwa sababu mimi nimekataa miaka yote hii.

"Shemeji, tumengoja," Salvator alisema. "Mutoto anazeekea kwa nyumba."

Nilimjibu kwamba hafanyiwi matanga mtu ambaye hajafa. Akafuta jasho. Anataka iwe Julai, katikati ya kiangazi, wakati kila familia inafanya shughuli zake. Atakuja na wazee Jumapili ya tarehe kumi na nne, wakae, wanisikilize, waamue.

Namchukia. Hapana, namchukia kwa sababu ana haki.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Yeye na dada zake walioko kule Ngozi wanakizungumza sokoni lakini kukisoma hapana. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Wanune.

Jumanne, 18 Juni

Homa ya Diane imeshuka. Amekwenda kazini, kwenye famasi. Hatujazungumza habari za Salvator lakini anajua. Naona jinsi anavyosuuza sahani.

Ijumaa, 21 Juni

Wanafunzi wa chuo kikuu, kundi zima, simu mkononi. Wanataka mizimu. Niliwaambia historia kwanza. Nimekuwa mwalimu wa msingi maisha yangu yote, sitaanza kugawa peremende kabla ya somo.

Kwa hiyo niliwapa. Matofali ni udongo wa mto Ntahangwa, yalichomwa hapo hapo kando ya maji. Mafundi wengi walikuwa Waislamu wa Buyenzi. Walijenga nyumba ya Wakristo, na Ijumaa mchana waliweka mwiko chini wakaenda kuswali, Padri Mzungu akanuna mpaka warudi. Kengele ilikuja kwa meli kutoka Kigoma. Mnara ulitakiwa kuwa mrefu zaidi lakini ardhi ya huku chini karibu na ziwa ni laini, ukaanza kuinama, wakaukatiza. Ule ufa ulio juu ya mlango mkubwa ulitokana na hilo. Kila askofu ameuziba na kila mara umerudi.

Kisha mizimu. Kuna mtoto mchanga anayelia kwenye chumba cha ubatizo. Huyo simwamini, ni paka. Kuna harufu ya tumbaku kwenye kiti cha maungamo cha kulia. Hiyo naiamini, na yeyote aliyewahi kusikiliza dhambi za mji huu anastahili sigara yake. Na kuna anayepanda ngazi za kwaya na kukohoa.

Huyu wa mwisho siwafichi ni nani. Jumamosi moja ya vita Deo alikuwa na mazoezi ya kwaya. Aliimba besi. Risasi zikaanza mitaa ya juu, watu wakakimbilia humu, na watu wenye bunduki wakawafuata mpaka uani. Waliokuwa ndani walitolewa kwa mlango wa mbele. Wengine walirudi makwao, wengine hawakurudi. Lakini Deo hakuwa kati yao. Alionekana akiingia kwa mlango wa pembeni na kupanda ngazi za roshani. Hakuna aliyemwona akishuka. Tulitafuta juu, mnarani, kwenye dari, mpaka ndani ya kinanda cha kanisa. Hakuna tone la damu. Wiki chache baadaye, tumbo langu limefika puani, nikakaa kwenye lile benchi la mwisho na nikamsikia akikohoa.

Msichana mmoja aliuliza, "Madame, we hauogopake?"

Nikamuuliza kwa nini nimwogope mume wangu. Walicheka. Nilifurahi walivyocheka. Deo angewapenda.

Jumatano, 26 Juni

Diane amelala kwa rafiki yake. Tumegombana.

Nilianza mimi. Nilisema kama Fabrice anampenda kweli angemchukua hata bila inkwano. Upuuzi. Ningemfukuza mwanaume wa namna hiyo kwa ufagio, na Diane anajua.

Akaweka kijiko chini. "Maman, mi sikumujua. We unamusikia, mi nasikia mbao tu. Nilienda mara ngapi? Nilikaa kwa ile benchi yako, nikangoja, nikangoja. Ni mbao."

Sikujua. Hakuwahi kuniambia kwamba huenda.

Kisha akasema, "Unataka niolewe wakati gani? Siku akishuka?"

Nilipiga meza. Ndagala, dagaa zetu za ziwani, zikaruka kwenye sahani. Akachukua mkoba wake akatoka. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo linaniuma, aliufunga taratibu kama mgeni.

Jumatatu, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru. Mji wote uko kwenye gwaride au umekaa nyumbani kwa kukosa usafiri. Sauti ya ngoma ilifika mpaka kanisani, kisha ikapotea. Nilikuwa peke yangu na popo.

Nilimwuliza waziwazi. Deo, nifanye kuganduka au nisifanye? Kama hutaki, kohoa.

Kimya. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kimya kabisa, hata mbao hazikulia. Nikasema basi, hajali, aolewe mtoto. Nikasimama, nikafika mlangoni, nikachovya kidole kwenye maji ya baraka. Akakohoa.

Sasa hilo ni jibu au alikuwa amechelewa kunielewa? Alikuwa hivyo hata mezani. Unamwuliza kama chumvi inatosha, anajibu umeshaondoa sahani.

Nimecheka peke yangu barabarani. Kisha nimelia. Mama mmoja mwenye beseni la parachichi alinipisha njia.

Alhamisi, 4 Julai

Padri Anselme aliniita sakristia. Ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na ananiita Mama Diane kwa heshima zote. Hilo linanizuia kumjibu ovyo.

Watoto wa katekisimu wanaogopa kupita chini ya ngazi. Mmoja amejikojolea. Wazazi wamelalamika. Anaomba nipunguze hadithi.

Nilisema sawa. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka.

Akasema, "Mama Diane, tuseme ni yeye. Tuseme bwana yako iko mule. Basi anahitaji misa. Sasa ni nani anamunyima?"

Hasira imenikaa kifuani siku nzima. Wanafundishwa wapi maneno kama hayo? Nilipanga vitambaa vya altare vibaya kwa makusudi, nikarudi nikavipanga upya.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeamua. Wazee wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Siwezi kuwaambia "nasikia kikohozi" na kuishia hapo, watanihurumia tu. Nataka shahidi. Mtu aliyekuwepo, mzima wa akili, atakayesema mbele ya Salvator kwamba Deo alipanda na hakushuka.

Waliomwona akipanda walikuwa wawili. Sakristani wa zamani amekufa. Amebaki Bibi Mwajuma.

Alikuwa akiuza maandazi kwenye mlango wa pembeni, kila Jumapili na siku za mazoezi. Mwislamu anayewauzia Wakatoliki kifungua kinywa baada ya komunyo, tulimzoea kuliko sanamu. Aliacha kuja alipoanza kuumwa miguu. Yuko kwao Buyenzi. Miaka mingi nimekuwa nikisema nitakwenda kumsalimu.

Leo Deo alikohoa vizuri, karibu sana. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 10 Julai

Naandika hili mara moja, jinsi lilivyo.

Nilimkuta Bibi Mwajuma uani kwake, kwenye mkeka, miguu imevimba, kanga kichwani, tasbihi mkononi. Gereji ya jirani ilikuwa inagonga mabati. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Mjukuu wake alileta chai ya tangawizi. Tulisalimiana kwa urefu, habari za wagonjwa, habari za maji ya ziwa yaliyomeza Gatumba. Nikamweleza nilichokuja kutafuta. Uje useme mbele ya wazee, nilimwambia. Nitatafuta gari. Sema tu ulichoona.

Aliacha kuhesabu tasbihi.

"Mama Diane, nilimuona akipanda. Ile ni kweli, wallahi." Akaiweka tasbihi mkekani. "Na nilimuona akishuka."

Nilifikiri kelele za gereji zimenichanganya. Nikamwomba arudie.

Alirudia. Watu wenye bunduki walipomaliza mlango wa mbele, wachache walizunguka nyuma. Wakapanda roshanini. Walimshusha Deo na wengine wawili kwa ule mlango mdogo wa nyuma ya kwaya, ambao siku hizi umejengewa matofali. Bibi Mwajuma alikuwa amejificha nyuma ya meza yake ya maandazi, amejifunika kitambaa cha meza. Deo alikuwa na mikono kichwani. Andazi alilomuuzia asubuhi lilikuwa bado kwenye mfuko wa shati lake, limefungwa kwenye karatasi. Walipandishwa kwenye lori. Lori lilishika njia ya Buterere, na waliopelekwa huko hawakurudi.

"Wewe ulikuja na ile tumbo," alisema. "Ukasema umemusikia. Ulikuwa unacheka, Mama Diane. Ni nani angekuambia? Mi? Apana."

Nilimuuliza basi ni nani anayekohoa. Sauti yangu ilikuwa kubwa, mjukuu alichungulia mlangoni.

Akaniambia. Alipokuwa mdogo, kanisa likijengwa, kaka yake Hamisi alikuwa fundi. Alianguka kutoka mnarani. Vumbi la matofali lilikuwa limemharibu kifua, alikuwa akikohoa usiku na mchana. Baada ya kuzikwa, mama yao alikwenda kukaa nje ya ukuta, upande wa ngazi, kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia, na akamsikia. Bibi Mwajuma naye alimsikia. Ndiyo maana alichagua kuuza maandazi mlango ule na si mwingine. Miaka yote ile alikuwa anakaa na kaka yake.

Kisha ukaja mwaka mbaya, ule wa kabla ya vita vyetu, watu wakachukuliwa. Mke wa mwalimu mmoja alikuja akakaa ndani, chini ya ngazi. Akatoka analia na kucheka, akamshika Bibi Mwajuma mkono: nimemsikia mume wangu, ana kikohozi cha chaki.

"Nikamuambia eeh, ni yeye. Nifanye nini? Hamisi wangu alikuwa amelala siku mingi. Nikamuachia. Halafu ile mama naye akakufa. Halafu ukakuja we."

Nilimuuliza tena ni nani. Nilimshika mkono, nadhani nilimuumiza.

"Sijui, mwanangu. Iko mule tangu zamani. Yeye anakohoaga tu. Jina tunamupa sisi."

Sikumaliza chai. Sikuaga vizuri. Nilitembea katikati ya gereji zote za Buyenzi, mitaa niliyokulia, na sikujua njia ya kwetu.

Alhamisi, 11 Julai

Alishuka.

Ijumaa, 12 Julai

Nilikwenda. Sikupanga maua. Nilikaa kwenye benchi na viatu mguuni.

Zikaja hatua. Kikaja kikohozi. Kile kile. Hakikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lilinitisha. Kwa mara ya kwanza nywele zilinisimama.

"We ni nani?" nilisema kwa sauti.

Hakuna kitu. Popo.

Nilijaribu kumkumbuka Deo akikohoa nyumbani, pale kitandani, au akinyoa ndevu. Siwezi. Kila nikijaribu nasikia hiki cha hapa. Kimekalia mahali pa kile kingine. Nimekaa na mgeni ujana wangu wote, nikamweleza homa za mtoto wangu, matokeo yake ya mtihani, ndoto zangu, aibu zangu. Na Deo alikuwa kwenye lori njia ya Buterere na andazi mfukoni, na hakuna aliyemfuata hata kwa sala.

Naona wivu pia. Niuandike. Umri huu, na namwonea wivu bibi kizee kwa sababu Hamisi wake alikuwa wa kwanza.

Jumapili, 14 Julai

Wazee walikuja, Salvator mbele, makoti yao ya misa kwenye joto hili. Walikuwa wamejiandaa kunishawishi. Mmoja alikuwa na hotuba, niliona midomo yake ikiipitia.

Diane alikuwepo. Amerudi tangu juzi, hatukuombana msamaha, alipika tu.

Sikuwangoja. Nilisema Deo alishuka. Nilisema kwa mlango gani, mikono ilikuwa wapi, lori lilielekea wapi. Nilisema nani aliona na kwa nini alinyamaza, na kwamba asilaumiwe. Kisha nikasema, "Marehemu mume wangu afanyiwe kuganduka." Neno hilo sikuwahi kulitamka. Lilitoka jepesi. Nilidhani lingeniua.

Mzee wa hotuba alibaki nayo.

Salvator aliinama, akaficha uso kwenye kofia yake. Mabega yalitikisika. Sikujua. Miaka yote nilimwona kama mtu anayetaka kufunga faili, kumbe naye alikuwa akingoja kuambiwa ili alie. Nilimletea maji.

Wazee walipoondoka Diane alikaa karibu yangu. Akauliza alikuwa amevaa shati gani. Nikasema la bluu, mikono mifupi, kola imechakaa upande mmoja. Akauliza kama alipenda maandazi. Nikasema aliyapenda mno, na alikuwa akificha moja kuniletea, kwa sababu nilikuwa mjamzito na nilikuwa na njaa saa zote.

Tulikaa. Hakuwahi kuniuliza habari zake kabla ya leo, maana nilikuwa namjibu kama mtu aliyeko chumba cha pili.

Jumanne, 23 Julai

Picha. Kuganduka bila picha mezani haifai, na ya harusi imeliwa na unyevu. Nilipeleka picha ya kwaya kwa mpiga picha wa sokoni, akaukata uso wake na kuukuza. Deo yuko katikati ya wimbo, mdomo wazi, macho juu.

Salvator anasema si picha ya heshima. Marehemu hawezi kukaa mezani amepanua kinywa. Nimemwambia nyingine hakuna, achague kati ya hiyo na fremu tupu. Amenung'unika mpaka Mutakura.

Chakula: wali, maharagwe, ndizi, mbuzi wa Salvator. Dada za Ngozi wanaleta pombe. Bibi Mwajuma hawezi kutembea lakini ametuma mjukuu na beseni la unga. Nilimwandalia sukari na kanga, nikamwendea mwenyewe. Sikukaa muda mrefu. Bado siwezi kumtazama sana. Alinishika kichwa tu, akaniombea dua.

Jumamosi, 27 Julai

Imefanyika.

Misa asubuhi kwenye kanisa kuu. Padri Anselme alimtaja Deo kwa jina lote, pamoja na wale wawili tusiowajua. Hakusema neno juu ya ngazi. Nilikuwa benchi la mbele, nimevaa imvutano, vazi letu la heshima, shingo inauma kwa kujizuia nisigeuke. Kwaya iliimba. Besi zilikuwa dhaifu.

Nyumbani viti havikutosha. Fabrice na wazazi wake walikaa upande wao, kwa adabu. Deo mezani, mdomo wazi. Watoto walimcheka, mama zao wakawafinya.

Salvator alisimama kama msemaji. Aliwashukuru watu. Akaanza ile sehemu: kuanzia leo, nyumba hii imefunguliwa, anayelima alime, anayeoa aoe. Akafika hapo akashindwa. Alisimama na bilauri mkononi, midomo inacheza, sauti haitoki. Watu waliinamisha vichwa. Nikaona hakuna mwingine, nikasimama nikamalizia mimi. Si desturi, mjane hasemi sehemu hiyo. Nikasema anayecheka acheke. Nikaketi. Mzee wa hotuba akakohoa, kukohoa kwa kawaida tu, na nikashtuka mpaka nikamwaga pombe.

Usingizi hauji. Nyumba ni kubwa. Nilidhani ningehisi wepesi, watu wote wanasema wepesi. Nahisi kama siku walipohamisha shule yetu na kutuachia ukuta wenye misumari ya ramani.

Jumapili, 4 Agosti

Familia ya Fabrice wamekuja rasmi. Inkwano itakuwa mwisho wa mwezi. Diane aliimba jikoni. Ana sauti mbaya, ya kwangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Muuza maua amerudi. Nimepata yungiyungi, nyeupe, mashina marefu. Nilikuwa naziosha altareni nilipoona mtu kwenye benchi la mwisho kushoto.

Mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nguo safi, viatu vya plastiki. Nilimwendea kumwambia kanisa linafungwa kwa ajili ya usafi, ni uongo wetu wa kawaida. Akasimama haraka akaomba radhi. Anatoka Gatumba, maji yaliwatoa, sasa wako kwenye mahema. Amekuja kwa miguu. Amesikia kuna Madame anayejua habari za ngazi.

Mtoto wake alichukuliwa wakati wa yale maandamano, miaka ile mingine, ya karibuni. Kijana, alikuwa anaanza chuo. Mtu alimwambia kwamba alionekana akikimbilia upande huu wa kanisa. Mtu mwingine akamwambia hapana. Ametembea magereza yote. Alisema mambo hayo haraka haraka, kama anayeogopa nitamkatiza.

Kisha akauliza, "Ni kweli kuko mutu anakohoaga hapa?"

Nilimtazama. Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Hamisi, mwalimu, Deo, yote, kwa mpangilio, kama somo. Mimi ni mwalimu. Ningeweza kumwokolea miaka.

Nikamuuliza kama kijana wake alikuwa na kikohozi.

Alishika kifua chake mwenyewe. Akasema tangu utotoni, wakati wa vumbi, kila kiangazi, alikuwa akimpaka mafuta ya taa na chumvi kifuani.

Nikamwambia asogee kidogo upande wa ngazi, ndipo panaposikika vizuri. Nikamwambia avue viatu apumzike, sakafu ni baridi. Nikabeba ndoo yangu nikaenda sakristia.

Nilikuwa nasuuza vyombo vya maua niliposikia mbao, kisha kile kikohozi. Kisha mama yule akaita jina, taratibu, jinsi mtu anavyoamshwa asubuhi asishtuke. Akaanza kuongea, na hakuacha. Sikugeuka. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni kwangu.

Sasa anaitwa Aimable, jina la kijana yule. Naliandika hapa ili nami nilizoee.